Kubadilisha spika ya ampli ya zamani bila kuichoma: mwongozo kamili kwa wapiga gita na besi wa Goma

Kijana mmoja mpiga besi wa kwaya aliniletea ampli yake kwa mara ya tatu, imefungwa kwa mipira juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo.

"Mzee, na hii nayo imekufa."

"Uliweka ipi safari hii?"

"Ya gari. Waliniambia ina wati elfu moja."

Nilifungua mgongo wa bafle, yaani boksi la spika. Spika ilikuwa na harufu ya koili (waya uliozungushwa ndani ya sumaku ya spika) iliyoungua, kama mbili zilizoitangulia. Kisha nikapima mahali spika inapochomekwa, pakiwa patupu, nikakuta volti kumi na kitu za umeme mnyoofu (DC). Spika tatu zilikuwa zimezikwa kwa kosa la ampli. Hakuna aliyepima.

Huyo si wa kwanza wala wa pekee. Wengine huweka spika ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 4 pale palipotaka 16, wengine hununua jina lililobandikwa kwenye sumaku, wengine hutupa spika ambayo waya tu ndio umekatika. Kwa hiyo nimeandika kazi yote hapa, kuanzia kupima mpaka kusikiliza. Ni kwa ampli za zamani, za lampu (vali za kioo) na za tranzista, zile za miaka ya 1960 hadi 1980 ambazo bado zinafanya kazi katika makanisa, katika baa na kwenye vyumba vya mazoezi vya orkestra zetu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa bisibisi

- Multimeta inayopima omu ndogo na volti. Ya bei nafuu inatosha, ila betri yake iwe nzima.
- Betri moja ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya.
- Bisibisi na funguo za nati. Ampli za Marekani zina nati za inchi, kwa hiyo ufunguo unaojirekebisha unasaidia.
- Pasi ya kulehemu ya wati 40 hivi, na risasi ya kulehemu.
- Waya wa nyuzi nyingi wenye unene wa milimita za mraba 1.5, rangi mbili.
- Kadibodi ngumu ya ukubwa wa spika.
- Mkanda wa karatasi unaonata, ule wa wapaka rangi.
- Tochi, kalamu, na simu ya kupiga picha.
- Shuka safi la kutandika mezani.

Shuka si la urembo. Vumbi letu jeusi la lava lina chembe za chuma zinazovutwa na sumaku. Kama huamini, funga sumaku ndani ya kifuko cha plastiki, iburuze barabarani pale Majengo au Ndosho, kisha iangalie: itakuwa imeota ndevu. Sasa fikiria ndevu hizo zikiingia katika mwanya wa koili, ambao ni mwembamba kuliko ukucha. Spika ikilazwa sakafuni Goma kwa dakika tano inaweza kuamka na mikwaruzo ambayo haikuwa nayo. Lowesha sakafu, futa meza, tandika shuka, ndipo uanze.

Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni spika

Zima ampli na uchomoe waya wa ukutani. Ikiwa ni ya lampu, ngoja nusu saa. Kubadilisha spika hakuhitaji kufungua sanduku la mitambo, na usilifungue: kapasita za ampli ya lampu zinaweza kushika zaidi ya volti 400 hata baada ya kuchomolewa, na volti hizo zinaua.

Tenga spika kwa kuchomoa au kulehemua waya mmoja. Sasa fanya vipimo vinne.

Kwanza, omu. Gusanisha ncha za multimeta zenyewe kwa zenyewe na uandike namba inayoonekana, kwa kawaida 0.2 hadi 0.5. Hiyo utaitoa katika kila kipimo. Kisha pima vituo viwili vya spika, pale waya zinapofungwa. Multimeta haitakuonyesha namba iliyoandikwa kwenye lebo. Itasoma chini kidogo, kwa sababu inapima waya mtupu wa koili, na lebo inasema mzigo ambao ampli inauona muziki ukipita. Spika ya omu 4 husoma takriban 3 hadi 3.5. Ya 8 husoma 6 hadi 7. Ya 16 husoma 11 hadi 13. Spika za zamani za Uingereza zilizoandikwa 15 zihesabu kama 16.

Multimeta isipopata njia kabisa, usikimbilie kutangaza msiba. Angalia zile nyaya mbili laini za kusuka zinazotoka kwenye vituo kwenda kwenye karatasi, ile koni inayotetemeka kutoa sauti. Zinapepea kila noti inapopigwa, na baada ya miaka 40 hukatika karibu na kituo au pale zinapoingia kwenye karatasi. Zitikise polepole huku ukiangalia multimeta. Namba ikija na kuondoka, koili yako ni nzima. Umepata kazi ya kulehemu ya dakika kumi badala ya safari ya kutafuta spika. Lehemu haraka, maana risasi ikipanda ndani ya nyuzi waya unakuwa mgumu na utakatika tena.

Pili, mkono. Weka vidole vya mikono miwili kuzunguka kofia ya katikati, sukuma karatasi ndani kwa usawa, polepole, sikio likiwa karibu. Spika nzima haisemi kitu. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga kwenye sufuria, koili inagusa. Sababu inaweza kuwa vumbi, koili iliyovimba kwa joto, fremu iliyopinda kwa sababu mtu alikaza boliti kwa hasira, au karatasi iliyolegea kwa uzito wake baada ya miaka mingi. Hii ya mwisho ina dawa ya bure: fungua spika, izungushe nusu duara ili upande uliokuwa chini uwe juu, ifunge tena. Nimeona spika ikipona kwa hilo tu.

Mkwaruzo wa ghafla baada ya spika kuanguka ni jambo jingine. Mara nyingi sumaku imehama kutoka mahali pake na kuibana koili. Hapo karatasi inaweza hata isisogee kabisa. Hiyo haiponi mezani kwako.

Tatu, betri. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye vituo kwa kufumba na kufumbua, usiishikilie. Karatasi itaruka kidogo na utasikia "tup". Kituo chenye alama ya kujumlisha kikiguswa na upande wa kujumlisha wa betri, karatasi hutoka nje. Spika za zamani za JBL zinafanya kinyume, zinaingia ndani. Si mbovu, ndivyo zilivyoundwa. Andika unachokiona, kwa kuwa utakihitaji katika hatua ya 7.

Nne, macho. Mulika tochi kutoka nyuma gizani. Tundu dogo au mpasuko usiozidi kidole kwenye karatasi unaweza kuuziba kwa karatasi laini ya mfuko wa chai na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Usitumie gundi ya papo kwa papo wala mkanda wa plastiki. Gundi ile inakauka kama kioo na mpasuko mpya utaanzia ukingoni mwake.

Ikiwa spika imepita vipimo hivi vyote, acha kuisingizia. Nenda hatua ya 5 upime ampli.

Hatua ya 2: Soma namba kabla ya kusoma jina

Jina lililobandikwa nyuma linaweza kuwa la jana. Stika huchapishwa, na wauzaji wa bilokos, yaani vitu vilivyokwisha tumika, wanajua jina gani linauza. Kilichogongwa kwenye chuma cha fremu au kupigwa mhuri kando ya sumaku ni kigumu zaidi kughushi.

Spika nyingi za Marekani zina tarakimu zinazoanza na namba ya kiwanda, kisha mwaka, kisha wiki. 220 ni Jensen. 465 ni Oxford. 137 ni CTS. 328 ni Utah. 67 ni Eminence. 649 ni Electro-Voice. Kwa hiyo 67-8134 ni Eminence ya mwaka 1981, wiki ya 34. Kwenye spika za zamani zaidi mwaka una tarakimu moja tu: 220632 ni Jensen ya wiki ya 32, lakini ya 1956 au ya 1966? Hapo ampli yenyewe ndiyo itakayokuamulia. Vitufe vyake vya sauti vina namba za mtindo uleule mgongoni, ndani ya sanduku la mitambo (mwachie fundi azisome), na spika ya asili huwa imetengenezwa wiki au miezi michache kabla ya ampli. Spika iliyozaliwa miaka mitano baada ya ampli si ya asili, hata muuzaji aape vipi.

Celestion ya Uingereza inatumia herufi kwa tarehe, na namba inayoanza na T kwa aina ya spika. Maandishi G12M yanamaanisha familia ya inchi 12 ya wati 25, na G12H ya wakati huo ni wati 30. Omu huandikwa pembeni.

Je, asili ina maana kwako? Ukitaka kumuuzia mkusanyaji wa Ulaya, ndiyo. Ukitaka kupiga Jumapili, hapana. Nasema hivi kwa sababu nimeona vijana wakitafuta mwaka mzima Jensen ya tarehe halisi, na ampli ikilala chini ya meza ikiliwa na unyevu.

Hatua ya 3: Hesabu omu za boksi zima

Hapa ndipo ampli nyingi zinapofia. Kinachoihusu ampli ni jumla ya spika zote kama inavyoonekana mlangoni.

Spika zinazofanana zikiunganishwa sambamba (kujumlisha zote pamoja, kutoa zote pamoja), gawa: mbili za 8 zinatoa 4, mbili za 16 zinatoa 8, nne za 8 zinatoa 2. Zikiunganishwa kwa mfuatano (waya unatoka spika moja kuingia nyingine), jumlisha: mbili za 8 zinatoa 16. Nne zikiunganishwa jozi mbili za mfuatano na jozi hizo zikawekwa sambamba, unarudi kwenye namba ya spika moja: nne za 16 zinatoa 16.

Fender Twin Reverb inabeba spika mbili za 8 sambamba, yaani 4. Super Reverb ina nne za inchi 10, kila moja omu 8, zote sambamba: 2. Mtu akikuuzia spika moja ya omu 4 "ya Twin" kwa sababu nyuma ya ampli pameandikwa 4, anakuuzia tatizo.

Ampli ya tranzista ina sheria moja: usiende chini ya omu iliyoandikwa. Ukienda juu, utapoteza nguvu tu. Ampli ya lampu inataka omu ileile, na ina sheria ya pili ambayo ni kali zaidi: usiiwashe kamwe ikiwa haina spika. Nguvu isiyokuwa na pa kwenda hurudi kwenye transfoma ya kutolea sauti na kuitoboa. Niliwahi kuunguza moja kwa namna hiyo nikiwa kijana, nilikuwa "najaribu tu kama taa zinawaka". Taa ziliwaka. Transfoma ilichukua miezi minne kupatikana.

Kabla ya kulehemua waya wowote katika boksi la spika nne, piga picha mbili: moja ya boksi zima, moja ya karibu. Kumbukumbu ya kichwa haitoshi.

Hatua ya 4: Chagua wati, usikivu na sauti, kwa mpangilio huo

Wati zilizoandikwa kwenye spika ni joto ambalo koili inaweza kuvumilia. Ampli ya lampu ya wati 50 ikisukumwa hadi kukoroma inatoa zaidi ya 50, kwa hiyo jumla ya spika zake iwe angalau mara moja na nusu ya wati za ampli. Kwa besi nenda mara mbili. Viwanda vya zamani havikuwa na huruma hiyo: Vox AC30 ilitoka na spika mbili za wati 15, hesabu imebana kabisa. Ndiyo maana nyingi za asili zimeungua.

Spika zinazofanana zinagawana mzigo sawasawa. Usichanganye ya 8 na ya 16 sambamba. Ya 8 itabeba nguvu mara mbili ya mwenzake.

Usikivu ndio neno ambalo wanunuzi wetu hawaliulizi kamwe, na ndilo linaloamua kama utasikika. Unaandikwa kwa desibeli, kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika nyingi za gita ziko kati ya 96 na 100. Spika ya besi ya gari mara nyingi iko karibu na 86. Tofauti ya 3 ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Tofauti ya 12 ni sawa na mara kumi na sita. Maana yake, ampli yako ya wati 50 ukiipa spika ya gari ya "wati elfu moja" itasikika kama ya wati 3. Kijana wa chukudu alikuwa anafungua sauti mpaka mwisho kwa sababu hii. Isitoshe, spika za gari mara nyingi ni za omu 4 au 2, au zina koili mbili.

Sasa sauti. Kamba nene ya gita inalia kwenye hezi 82, ya besi kwenye 41. Spika nyingi za gita haziendi chini vizuri, na karatasi yake haikuumbwa kutembea mbali. Ukiipa besi itapiga kofi, kisha itapasuka. Ya besi kwenye gita haitaumia, ila solo yako itasikika kama imefunikwa blanketi.

Kwa gita zetu nina msimamo, na najua wapo watakaobisha. Wanaosoma ushauri wa watu wa roki huambiwa watafute spika ya wati 25 inayokoroma mapema. Sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu, haitaki mkoromo. Mi-solo, gita lililo kati ya solo na akompa (gita la kusindikiza), inataka kila noti iwe na ukingo, isimame peke yake juu ya ngoma na akompa. Tafuta spika ya wati 60 kwenda juu, yenye usikivu mkubwa, iliyo safi, hata kama haina jina la kujivunia. Zile JBL za miaka ya 1960 zilizoandikwa D120F zilikuwa hivyo: safi kama kengele, na nzito kama dhambi.

Vipimo vya mwili umalizie kwa rula. Spika hupimwa fremu, ukingo hadi ukingo: ya inchi 10 ni karibu sentimita 26, ya 12 karibu 31, ya 15 karibu 38 au 39. Anayepima karatasi peke yake hurudi na spika ndogo. Hesabu matundu ya boliti, manne au manane. Pima pia kina: kwenye ampli ya kipande kimoja, sumaku kubwa ya kisasa inaweza kugusa transfoma au lampu.

Kutafuta hapa Goma na jirani

Anza nyumbani. Uliza parokia na makanisa yenye stoo. Bafle zilizokufa upande wa ampli zinatupwa na spika nzima ndani, na ogani za umeme zilizonyamaza zina spika nzuri za inchi 12 na hata 15. Uliza wanamuziki wazee ambao orkestra zao zilivunjika. Wengi wamegeuza bafle kuwa meza ya kuwekea redio. Ukienda kwa mzee, nenda na heshima, kaa, zungumza muziki kwanza. Ukianza na bei ataona umekuja kumnyang'anya.

Mtaa wa biashara wa Birere una spika nyingi, nyingi mpya, na stika nyingi kuliko spika. Nenda na multimeta na betri mfukoni. Muuzaji akikataa usipime, mshukuru na uondoke. Bukavu kuna mzigo unaokuja kwa boti, na wanaosafiri Kampala wanaweza kukutafutia, ila wape karatasi yenye mambo matano: inchi, omu, wati, usikivu, kina. Ukimwambia mtu "niletee spika ya besi", atakuletea ya gari.

Onyo moja: usinunue spika ya redio kubwa za kabla ya miaka ya 1950 zenye nyaya nne. Hazina sumaku ya kudumu, zinahitaji umeme wake zenyewe ili zifanye kazi, na wati zake ni chache.

Zikisafiri ziwe mbili mbili, uso kwa uso, kadibodi katikati, ndani ya boksi linalobana. Kuanguka mara moja gatini kunatosha kuhamisha sumaku. Kwenye moto (pikipiki) zishike mwenyewe mikononi.

Hatua ya 5: Pima ampli kabla ya kuikabidhi spika

Hatua hii ni ya tranzista peke yake. Ya lampu iruke, kwa sababu transfoma yake inazuia umeme mnyoofu na hairuhusiwi kuwashwa tupu.

Chomoa spika. Shusha sauti yote. Washa. Weka multimeta kwenye volti za umeme mnyoofu na upime mahali spika inapoingia. Chini ya milivolti 50 ni afya. Hadi 100 nitaivumilia. Ukiona volti nzima, zima: tranzista za kutolea zimekufa na kila spika utakayoweka itageuka pasi. Peleka kwa fundi wa elektroniki kwanza.

Angalia pia volti ya ukutani. Ampli za soko la Marekani ni za volti 120, sisi tuko 220. Transfoma ya kushusha iwe na uwezo wa kutosha, na grupu (jenereta) isiwashwe wala kuzimwa huku ampli ikiwa imewaka.

Hatua ya 6: Toa ya zamani

Laza boksi ili spika itazame chini kama boliti ziko nyuma, au juu kama ziko mbele. Weka alama za kujumlisha kwenye waya kabla ya kuziachia. Legeza boliti zote nusu mzunguko kwanza, kwa msalaba, kisha zitoe.

Shika kadibodi juu ya karatasi wakati wote bisibisi ikiwa karibu. Sumaku itavuta bisibisi mkononi mwako, na itatoboa karatasi kabla hujasema "aa". Spika nyingi zimeuawa siku ya kufungwa kuliko siku ya kupigwa.

Spika ikikataa kutoka, imenatana na ubao. Pitisha kisu butu kuzunguka, usiichokonoe kwa bisibisi upande mmoja.

Hatua ya 7: Funga mpya

Pitisha mkanda wa karatasi kwenye ubao na kwenye fremu kuondoa vumbi jeusi. Usipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Utalisukuma ndani ya mwanya badala ya kulitoa.

Weka spika, vituo vikitazama upande ambao waya utafika bila kuvutwa. Kaza boliti kwa vidole zote, kisha kwa msalaba kama magurudumu ya gari, robo mzunguko kila moja. Simama pale fremu inapokaa imara. Fremu za bati zinapinda kwa urahisi, na fremu ikipinda koili inakwaruza. Rudia kipimo cha mkono cha hatua ya 1 sasa hivi. Ukisikia mkwaruzo ambao haukuwepo, legeza boliti moja moja mpaka unyamaze. Umempata mkosaji.

Unganisha waya: kujumlisha kwa kujumlisha. Kwenye boksi la spika zaidi ya moja, gusisha betri kwenye jeki (pale waya wa ampli unapochomekwa) na uangalie karatasi zote. Lazima ziruke upande mmoja. Moja ikiingia wakati nyingine inatoka, zinafutana na besi itapotea. Geuza nyaya za hiyo moja. Hakuna kitu kitakachoungua, ila utalaumu spika bure.

Mwisho, pima omu za boksi zima kwenye jeki. Boksi la 4 lisome karibu 3 hadi 3.5, la 8 lisome 6 hadi 7. Namba ikiwa tofauti, usiwashe.

Ikiwa bafle iko mbali na ampli, tumia waya wa spika. Waya wa gita una uzi mwembamba katikati. Unapata joto, ukikatika ampli ya lampu inabaki tupu, na unajua kinachofuata.

Hatua ya 8: Jaribio la dakika thelathini

Washa sauti ikiwa chini. Mvumo mdogo ni wa kawaida, mlio mkubwa wa "nnng" si wa kawaida: zima.

Dakika kumi za kwanza piga polepole. Panda kamba nene noti kwa noti, kila freti. Mtetemo unaokuja kwenye noti moja tu mara nyingi ni kitambaa, boliti au ubao wa nyuma. Bonyeza kila kitu kwa kiganja mpaka kinyamaze. Mkwaruzo unaofuata kila noti ni spika.

Dakika kumi zinazofuata nusu ya sauti. Weka pua nyuma ya bafle. Harufu ya vumbi moto kwenye lampu ni sawa. Harufu ya vanishi si sawa.

Za mwisho piga kama unavyopiga kanisani au kwenye harusi, na mtu mwingine asimame mwisho wa chumba. Noti za chini ziwe na mwili, za juu zisichome sikio. Karatasi mpya huwa ngumu, kwa hiyo sauti itakuwa kavu kwa saa kadhaa za kupigwa kabla haijalegea. Usiibadilishe siku ya kwanza kwa sababu hiyo.

Ile ya zamani

Usiitupe wala usimpe mnunuzi wa vyuma. Fremu nzima na sumaku nzima zinaweza kuvishwa koili na karatasi mpya, mradi apatikane fundi mwenye mkono mtulivu na vipimo sahihi vya koili. Kwenye Peavey za aina ya Black Widow kazi ni rahisi zaidi: fremu yenye karatasi na koili hufunguliwa kwa boliti kutoka kwenye sumaku, na mpya hufungwa mahali pake kama unavyobadilisha gurudumu. Kabla ya kufunga, safisha mwanya kwa mkanda unaonata uliokunjwa, ukiingiza na kutoa mpaka utoke mweupe.

Ifunge kwenye plastiki, mkanda juu ya kila tundu, andika omu na tarehe iliyotolewa, uiweke juu ya kabati. Yule kijana wa besi nilimwekea Eminence ya inchi 15 iliyokuwa kwenye kabati langu muda mrefu, baada ya fundi wa tranzista kumaliza kazi yake. Spika yake ya gari aliiuza siku hiyohiyo, kwa mtu mwenye taksi.